Programu ya kikapu ya UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani) kwa dogo mbichi: nyota 4 kati ya 5

Kama una dogo mrefu ambaye hajaiva na vyuo vya Marekani vinamtaka, UConn mi naipima kwa kazi waliyofanya na Hasheem Thabeet wetu wa Dar. Jamaa kaanza kikapu na miaka kama 15, akapita sekondari Houston, 2006 anatua chuoni futi 7 na inchi 3 ila kwenye kushambulia bado kabisa. Kocha Jim Calhoun akamjenga kwa kile alichokuja nacho, yaani kulinda goli, na hapo nawapa maksi zote maana mwaka wa kwanza alikuwa na wastani wa pointi 6.2, mwaka wa tatu 13.6 na rebaundi 10.8 na bloku 4 na kitu kila mechi, mchezaji bora wa ulinzi Big East (ligi ya vyuo waliyokuwa wakicheza) mara mbili, na 2009 timu ikaingia nne bora ya taifa. Daah, raha sana ile!

Nyota moja naikata kwenye mbinu za kufunga chini ya goli, zilibaki chache mno kwa mtu anayeenda NBA. Memphis, timu ya NBA, wakamchukua namba 2 kwenye drafti (timu zinavyochagua wachezaji wapya kwa zamu) mbele ya James Harden na Stephen Curry waliokuja kuwa mastaa, na msimu wa kwanza tu wakamshusha ligi ndogo kupata dakika.

So mzazi, usiulize jezi na viatu, muulize kocha huyu mtoto mwaka wa kwanza mtamfundisha nini na atacheza dakika ngapi.