Rekodi za sauti za Mahakama ya Juu ya Marekani: nyota nne kutoka zamu ya usiku

Nianze na nyota, maana najua wengi mnatazama nyota halafu mnaondoka: nne kati ya tano. Huduma ni ya bure, haina matangazo, haikuulizi namba ya simu. Na kuhusu hili suala la dini na serikali, imenifungua masikio kuliko miaka yote niliyokaa nchi hii nikisikiliza watu wakibishana.

Ninayoizungumzia ni sauti za kesi zinaposikilizwa Mahakama ya Juu ya Marekani. Unaingia kwenye tovuti ya mahakama, siku ya kesi unafuata mubashara. Walianza hivyo Mei 2020 kwa sababu ya korona, na korona ilipopita hawakuacha. Ukikosa, rekodi na maandishi yake yanawekwa, unapakua, unasikiliza kwa muda wako.

Mimi niliingia humo kwa mlango wa uraia. Kwenye yale maswali 100 ya kujiandaa na usaili yaliyotumika wakati wangu, la kumi liliuliza uhuru wa dini ni nini. Jibu lilikuwa fupi: unaweza kufuata dini yoyote, au usifuate yoyote. Nikalikariri jioni moja. Jumapili iliyofuata mchungaji akatuambia kwamba mahakama za nchi hii zilimfukuza Mungu shuleni, na kanisa zima likaitikia. Nikabaki najiuliza, mbona kwenye jibu langu la mstari mmoja hakuna aliyefukuzwa?

Nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee. Kuanzia saa nane hadi saa kumi hivi wazee wamelala, kazi ni kupita vyumbani na kukunja mashuka. Mikono ina shughuli, sikio moja liko huru. Huo ndio muda wangu wa mahakama.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya kocha. Joseph Kennedy alikuwa kocha wa futiboli ya Kimarekani kwenye shule ya umma ya Bremerton, jimbo la Washington. Mechi ikiisha anakwenda katikati ya uwanja, anapiga goti, anasali. Shule ikamkataza, na kesi ikapanda mpaka juu, ikasikilizwa Aprili 25, 2022. Nilitega sikio nikitarajia watu wagombane juu ya Mungu. Wapi! Wanagombana juu ya mambo ambayo hata msimamizi wangu wa zamu angeyajua: kipenga kikishalia, huyu bado yuko kazini au ameshatoka? Anasali kama Joseph au anasali kama kocha? Jaji Kavanaugh akaleta habari ya mchezaji anayewaza kwamba asipojiunga na sala, wiki ijayo hatapangwa.

Hapo nikaweka shuka chini. Niliwahi kuwa na bosi, sisemi wapi, ambaye kila kikao alifungua kwa maombi. Hakumlazimisha mtu. Ila sote tulijua nani hufumba macho na nani hutazama dirishani, na ratiba ya sikukuu ilipotoka tulijua pia nani amepangwa kazi siku ya Krismasi. Mimi nilikuwa wa kufumba macho, na sala nazipenda, lakini ile ya kwenye kikao nilikuwa naiitikia kwa ajili ya ratiba. Kwa hiyo katika kesi hii niko upande wa mtoto wa benchi. Kocha alishinda, majaji sita kwa watatu.

Sasa sifa za huduma yenyewe. Wasiwasi wangu ulikuwa kuchanganya sauti, maana majaji ni tisa na Kiingereza chao kinakimbia. Lakini kuna utaratibu. Wakili huachiwa kama dakika mbili za mwanzo azungumze bila kukatizwa, kisha maswali yanamiminika kutoka kila upande, na mwisho Jaji Mkuu anawaita wenzake mmoja mmoja kwa ukongwe, kila mmoja kwa jina, kama ana la kuongeza. Ukipotea katikati, subiri zamu hiyo ya majina, utajua nani ni nani. Maandishi nayo yametengenezwa na mtu mwenye huruma: kila mstari una namba, na mwishoni kuna faharasa ya maneno. Hata mahali watu walipocheka wameandika kwenye mabano kwamba kulikuwa na kicheko. Nimewahi kucheka peke yangu saa tisa usiku kwa kusoma hayo mabano tu.

Ukitaka kesi za zamani, tovuti ya mahakama haitakutosha. Mahakama imekuwa ikirekodi tangu 1955, na njia rahisi ya kuzipata za zamani ni tovuti ya Oyez, nayo bure, ambayo maandishi yanakwenda sambamba na sauti. Humo ndimo nilimotafuta jibu la mchungaji wangu. Kesi ya 1962 ilihusu sala ya maneno 22 iliyotungwa na wakubwa wa elimu wa jimbo la New York ili isemwe madarasani. Mahakama ilisema serikali haina kazi ya kutunga sala. Mtoto kusali mwenyewe kabla ya mtihani haikumgusa.

Mwaka uliofuata ikaja ya Pennsylvania, ambako sheria iliagiza zisomwe angalau aya kumi za Biblia kila asubuhi, bila maelezo yoyote. Hii nilisikiliza na mzee wa chumba cha mwisho, ambaye usingizi humkimbia. Aliniuliza nasikiliza nini, nikampa upande mmoja wa hedifoni. Kumbe amesoma hukohuko. Akaniambia kwao wanafunzi walipokezana kusoma, na kila aliyefikiwa alitafuta aya fupi kuliko zote. Yeye ni Mkatoliki, na ile Biblia ya shule mama yake alikuwa akimwambia, "Hiyo si yetu." Kwa hiyo zamu yake ikifika alisoma kwa sauti ya chini, midomo ikisogea tu, na mwalimu alimwacha. Ana zaidi ya miaka themanini na bado alinionyesha jinsi alivyokuwa akiisogeza.

Halafu kuna ule ukuta wa kutenganisha kanisa na serikali. Watu huku wanausema kama vile umeandikwa kwenye Katiba. Haumo. Rais Thomas Jefferson aliutaja kwenye barua ya Januari 1, 1802, aliyowajibu Wabaptisti wa Danbury, Connecticut. Jimbo hilo lilikuwa na kanisa lake rasmi, la Kongregesheni, mpaka 1818, na Wabaptisti walikuwa wachache waliochoka kupewa uhuru wa kuabudu kama hisani. Mimi ni Mbaptisti. Mchungaji wangu ni Mbaptisti. Sijampelekea hiyo barua bado, natafuta maneno ya adabu.

Nyota iliyokatwa imekwenda wapi? Kamera haziruhusiwi, hilo naweza kulimeza. Lakini siku ya hukumu, majaji wanaposoma muhtasari ukumbini, hakuna matangazo ya moja kwa moja. Unasikia mechi nzima, tokeo unalikuta kwenye faili la PDF. Na kwenye kesi ya kocha, Jaji Sotomayor, aliyepinga hukumu, aliweka picha za kocha akiwa amezungukwa na wachezaji. Mimi niliyekuwa nimesikiliza tu nilikuwa nimemjenga kichwani mtu aliye peke yake nyasini. Kwa hiyo msiishie kwenye sauti, fungueni na hukumu.

Ya mwisho niliifuata mubashara, Aprili 30, 2025, ndani ya basi nikirudi kulala. Oklahoma, shule ya Kikatoliki ya mtandaoni ya Mtakatifu Isidore iliyotaka kuwa shule ya umma ya mkataba, yaani inalipwa na jimbo lakini inaendeshwa na kanisa. Mabishano yalikuwa matamu: shule ya namna hiyo ni serikali yenyewe, au ni mkandarasi tu kama yule anayejenga barabara? Nilipitiliza kituo. Halafu Mei 22 likatoka jibu: wanne kwa wanne, Jaji Barrett hakushiriki, sentensi moja, hakuna sababu. Uamuzi wa mahakama ya Oklahoma wa kuikataa shule ukabaki palepale. Ni kama kukaa mpaka penalti halafu taa za uwanja zikazimwa.

Kuhusu usaili, nilikwenda nimejaa. Nilikuwa tayari kumweleza yule ofisa habari za Danbury kama angenipa nafasi. Akaniuliza nitaje mmoja kati ya mito miwili mirefu zaidi ya Marekani. Nikasema Mississippi.