Duara la Alhamisi: tathmini ya vikao vya maridhiano na wenyeji wa asili jijini Winnipeg

Kwa majuma sita ya msimu wa baridi nilihudhuria kila Alhamisi jioni, nikiwa mshiriki na pia mkalimani wa Kiswahili, vikao vya mazungumzo kuhusu maridhiano na wenyeji wa asili wa Kanada, ambavyo kituo kimoja cha jamii hapa Winnipeg huwaandalia wahamiaji. Hakuna kiingilio, supu ya moto na mkate hutolewa mlangoni, na kila kikao huchukua saa mbili. Tuliozungumza Kiswahili tulikuwa tisa, wengi wetu wenyeji wa Kivu waliopitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kufika huku. Tangu vikao viishe nimeulizwa kanisani na hata dukani kama inafaa kutoka nje kwenye baridi kali kwa ajili ya jambo hilo. Inafaa, na inafaa sana, ingawa waandaaji wana mambo mawili ambayo ni lazima wayarekebishe.

Mwezeshaji wetu, mama wa Kianishinaabe, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili, mwenye sauti ya chini, hakuanza na historia. Alijaza gilasi kwa maji ya bomba, akaipitisha mkono kwa mkono hadi ikamrudia, ndipo akaeleza kwamba maji tunayokunywa mjini hutoka Ziwa Shoal, kupitia mfereji uliokamilika mwaka 1919, na kwamba watu wa Shoal Lake 40, jamii ya wenyeji wa asili wa ziwa hilo, ambao ardhi yao ilikatwa na ujenzi huo wakabaki kama kisiwani, waliishi chini ya onyo la kutokunywa maji yao bila kuyachemsha tangu 1997 hadi 2021. Mama aliyeketi kando yangu, ambaye alipanga foleni ya maji kambini kwa zaidi ya miaka kumi, alikuwa ameishika gilasi ile kwa mikono miwili ilipomfikia. Baada ya maelezo aliinuka, akaenda kuitazama tena pale mezani, akarudi kuketi bila kusema neno. Sikumbuki hotuba yoyote iliyotufikia kama gilasi ile.

Ugumu wa ukalimani ulinipata kwenye kikao cha pili, kilichohusu shule ambazo watoto wa wenyeji wa asili walipelekwa kwa nguvu. Karatasi za Kiswahili tulizopewa ziliziita «shule za bweni», na nilipolisoma neno hilo kwa sauti niliona nyuso zikilegea, kwani kwetu mtoto akipata nafasi ya bweni wazazi hushukuru, wakauza hata mbuzi ili kununua sanduku na godoro. Ilinibidi nisimamishe kikao na kueleza upya: kwamba takriban watoto 150,000 walichukuliwa, kwamba shule hizo zilidumu kwa zaidi ya karne moja hadi miaka ya 1990, zikiendeshwa kwa sehemu kubwa na makanisa kwa fedha za serikali, kwamba mtoto aliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama yake, na kwamba wengi hawakurudi nyumbani. Wakatoliki waliokuwamo waliumia zaidi, na mmoja wao aliuliza kama Kanisa linajua. Mwezeshaji alimjibu kwa upole kwamba Papa Fransisko alifika Maskwacis, Alberta, mnamo Julai 2022 na kuomba msamaha, kisha akaacha kimya kirefu ambacho hakuna aliyekivunja.

Kimya hicho ndicho ustadi mkubwa wa mwezeshaji. Unyoya wa tai huzunguka duara kufuata mwendo wa jua. Anayeushika husema bila kukatizwa, na asiyetaka kusema huupitisha tu, wala haulizwi sababu. Sisi tumezoea baraza ambalo wazee hutangulia na vijana husikiliza, kwa hiyo kijana wa miaka 17 alipopewa unyoya kabla ya baba yake, alimtazama kwanza mzee wake. Mzee aliinamisha kichwa, na kijana akasema kwamba rafiki yake mkubwa shuleni ni Mkrii, wa taifa jingine la wenyeji wa asili, na hajawahi kumuuliza lolote kuhusu kwao. Hata suala la kufukiza majani, desturi ya wenyeji wa asili ya kujitakasa kwa moshi, ambalo lilileta wasiwasi kwa walokole wetu wawili, lilishughulikiwa vizuri, kwa kuwa tulielezwa siku moja kabla kwa simu, na mlango uliachwa wazi kwa atakayependa kusubiri nje.

Mjadala bora kuliko yote ulizuka juu ya neno lenyewe. Karatasi ziliandika «upatanisho», na mzee mmoja wa Uvira akauliza: wanaopatanishwa ni wawili waliogombana, sasa hawa waligombana lini? Mmoja alikuja, akapokewa, akamnyang'anya mwenyeji watoto na ardhi. Huo si ugomvi, hilo ni deni. Tulikubaliana kutumia «maridhiano», kwa sababu ndani yake mna radhi, na radhi hutolewa na aliyekosewa kwa wakati wake mwenyewe. Nilipomtafsiria mwezeshaji, aliomba nirudie, akaandika neno hilo kwenye daftari lake. Juma lililofuata aliweka noti ya dola 5 katikati ya duara: ndicho kiasi ambacho kila mtu wa Mkataba wa 1, kati ya serikali na wenyeji wa asili wa eneo hili, uliotiwa saini Lower Fort Garry mwaka 1871, hulipwa kwa mwaka mpaka leo. Kiwango hicho kilipandishwa kutoka dola 3 mwaka 1875 na hakijaguswa tena. Baada ya noti ile hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana ya deni.

Sasa kasoro. Karatasi za Kiswahili zilitafsiriwa na mtu, au mashine, isiyoijua lugha. Jambo hilo peke yake lilitugharimu karibu kikao kizima. Lililoniuma zaidi lilitokea kikao cha tano, alipokuja bibi mmoja aliyesoma katika shule hizo. Alianza kusimulia siku aliyokatwa nywele, nami nikitafsiri sentensi kwa sentensi, na ilipofika saa tatu usiku msimamizi wa ukumbi akaingia, akawasha taa zote na kusema muda umekwisha. Bibi alifunga mkoba wake. Ukalimani huongeza muda maradufu, kila mpangaji wa vikao analijua hilo, na mtu wa umri ule hapaswi kuombwa afungue jeraha lake kisha akatizwe kwa ajili ya funguo.

Kwa wanaojiandaa kwa uraia kuna sababu ya ziada ya kuhudhuria. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule hizo na kuongozwa na Murray Sinclair, ilitoa miito 94 mwaka 2015, na miwili ya mwisho inatuhusu sisi wageni: tufundishwe historia hii, na kiapo chetu kitaje mikataba. Kiapo kilibadilishwa kwa sheria mwaka 2021, na atakayekitamka baada ya kupita kwenye duara hili atajua anaapa nini.

Nimewaandikia waandaaji nikiomba wakalimani wawili, muda wa saa tatu badala ya saa mbili kwa kila kikao, na karatasi nilizozitafsiri upya mwenyewe. Wamejibu kwamba ukumbi umepatikana mpaka saa nne usiku, na kwamba bibi amekubali kurudi.