Funguo mpya za besi au za zamani? Tazama kwanza kabla hujatoa dola

Jambo sana ndugu zangu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, na ninyi wote mnaotufuata kutoka mbali! Gita la besi liko mezani: Yamaha ya nyuzi nne, mtumba, shingo imenyooka, sauti yake mnaijua. Shida ni vyuma. Jasho la wapigaji na unyevu wa masika vimekula kila kitu. Muuzaji akaniambia, "Petit, tupa hizo zote, chukua seti mpya." Nimeichukua, hii hapa, dola 25: funguo za kichwani za kukazia nyuzi, na shevale, kile chuma cha chini kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gita. Imenikera sana, na nataka muone kwa nini.

Sogeza kamera. Huu ni ufunguo mpya, wa uzi mnene kabisa. Nazungusha... tazameni kile kinguzo kinachoviringiwa uzi. Vidole vyangu vinazunguka, chenyewe kimesimama. Bado... bado... haya, ndiyo kwanza kinaanza! Meno ya gia hayashikani. Ukilegeza uzi kidogo ukaacha hapo, ukipiga kwa nguvu unashuka wenyewe katikati ya wimbo.

Sasa wa zamani. Nimeusugua kwa mswaki na mafuta ya taa, nikaukausha, nikatia grisi kiasi cha kichwa cha kiberiti kwenye meno. Nagusa tu... kinafuata hapo hapo. Rudia uone. Tena! Haung'ai, lakini unashika. Kama wako umelegea kidogo, kaza ile skrubu ndogo ya katikati ya gia, na siku zote panda kuelekea noti, usishuke kuelekea noti. Ukiipita, legeza uende chini yake, halafu upande tena.

Gotoh za Japani sina neno nazo, zile ni funguo za kweli. Ila bei yake, mpaka zifike hapa, mpiga besi wa kanisa atazitoa wapi? Na jambo lingine: hizi za dola 25 haziingii kwenye matundu ya gita hili. Wananiambia nitoboe. Msitoboe kichwa cha gita kwa ajili ya kitu cha bei rahisi, jamani! Pimeni upana wa tundu kabla ya kununua.

Kutu ya juu, chukueni karatasi ya alumini ya jikoni, ikunjeni, ilowesheni maji, sugueni taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, haikwaruzi. Msasa hapana, unaondoa kromu na kutu inarudi kwa kasi. Skrubu zilizoganda, tone la mafuta ya kupenya, ziache usiku kucha.



Ukifungua shevale, chini yake kuna waya mwembamba. Huo ndio unaounganisha nyuzi na ardhi ya umeme. Safisha mahali unapogusa chuma, uurudishe pale pale. Ukiusahau, amplifaya itavuma mpaka uchukie gita bure.

Na shevale ya seti hii, lazima niseme, naipenda. Nzito, skrubu zake zinazunguka bila kukwama, na matundu yake yamekubali. Ingeuzwa peke yake dola 10, ningeifunga leo. Kwa hiyo muuzaji, kama unatazama, tutenganishie: shevale tunachukua, funguo baki nazo.