Bomba la siti la alumini kwenye fremu ya chuma: zuri, ila pima kabla ya kulipa

Maduka ya spea za baiskeli ya Ngamiani, hapa Tanga, huuza mabomba ya siti ya aina mbili. Lipo la chuma tupu, jembamba juu, ambalo siti yake hubanwa kwa klampu ya nati mbili. Na lipo la alumini, urefu milimita 350, kichwa kimeungana na bomba lenyewe na siti hukazwa kwa boliti moja ya M8, yaani yenye unene wa milimita 8. Kwa anayefufua baiskeli ya zamani ya milimani, zile fremu za chuma za tairi inchi 26, hili la alumini ndilo la kununua. La chuma hucheza shingoni, siti ikaanza kuinamisha pua kila ukipita kwenye tuta.

Shida ni kipimo. Fremu nyingi za aina hiyo, bomba lake la wima linalopokea bomba la siti lina kipenyo cha milimita 28.6 kwa nje. Ondoa unene wa chuma pande zote mbili: chuma cha 0.7 kinakuachia nafasi ya 27.2, cha 0.9 kinakuachia 26.8, na fremu nzito za bei ya chini hushuka hadi 25.4. Mabomba ya siti hupishana kwa 0.2 tu, tofauti ambayo jicho haliioni. Kwa hiyo usiende dukani na "ya kawaida" mdomoni. Nenda na bomba la zamani, usome namba iliyogongwa chini ya mstari wa mwisho (alama ya kikomo cha kuliinua bomba), kisha nenda na fremu pia, maana la zamani lenyewe huenda halikuwa lake. Ukipima ndani ya fremu kwa kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, pima sentimita tatu chini ya mdomo na uzungushe mara mbili tatu. Pale juu kabisa, penye ufa wa kubania, miaka ya kukazwa imeshapaminya na namba yake inadanganya.

Mafundi wengi wakikosa 26.8 huingiza 26.6 na kuizungushia kipande cha kopo la soda. Kwa hesabu inakubali, bati lile lina karibu milimita 0.1. Kwa kazi haikubali: bati hujikunja kwenye ufa, maji hupenya, na siti huanza kushuka kidogo kidogo. Subiri saizi yako.

Kati ya la rangi ya fedha na jeusi la kupuliziwa, chukua la fedha. Rangi huongeza unene, huparuka siku ya kwanza, na pale ilipoparuka ndipo kutu ya alumini huanzia.

Kabla ya kufunga, safisha ndani ya fremu. Chana ncha ya mpini wa ufagio, bana humo msasa namba 120, zungusha ukipanda na kushuka hadi uchafu wa kutu uishe na mshono wa ndani usikwaruze. Geuza fremu, gonga, toa vumbi lote lisiangukie kwenye bearingi za pedeli. Kagua pia boliti za kibebeo cha chupa. Zikiwa ndefu hutokeza ndani na kulichora bomba. Bomba sahihi huingia kwa kusukumwa na mkono, kwa kuzungusha kidogo. Likitaka nyundo, sio saizi yake. Likidondoka lenyewe, pia sio.

Kisha grisi, na hapa Tanga grisi si hiari. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa: inatoa unga mweupe kama chokaa, unga unavimba, bomba linajibana ndani ya fremu mpaka linakuwa kitu kimoja. Fremu ngapi nzuri zimetupwa kwa sababu hiyo tu! Paka grisi nene ndani ya fremu na kwenye bomba lote litakalozama, futa inayofurika mdomoni.

Mstari wa mwisho uliochorwa lazima uzame, lakini usiutegemee peke yake. Bomba lipite chini ya kiungo cha bomba la juu la fremu, walau sentimita kumi ndani. Likiishia juu ya kiungo, uzito wote hubebwa na kipande kifupi na fremu hupasuka hapo. Boliti ya klampu ya fremu ni M6: mkazo wa 5 hadi 6 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) unatosha. Kuzidisha kunaminya mdomo, na ufa ukishagusana hata ukaze vipi haubani tena.

Udhaifu wa bidhaa hii uko kichwani. Meno ya kushikia pembe ya siti ni makubwa, kwa hiyo huwezi kuinua pua kidogo tu; unaruka jino zima. Ukirekebisha, legeza boliti kabisa hadi meno yaachane, la sivyo unayasaga na siti haitatulia tena. Boliti yake hushika kutu haraka: ipake grisi, na ukiibadilisha iwe ya daraja la uimara 8.8 au zaidi. Boliti laini hukatika kwenye mashimo ya njia ya Muheza kwenda Amani.

Kaza tena baada ya safari ya kwanza. Halafu kila miezi mitatu zungushia utepe kuweka alama ya urefu, lichomoe, futa, paka grisi mpya, lirudishe.