Siku mbili Vuria, mwaka mmoja baada ya mama: uzoefu wangu

Safari yenyewe ni ya siku mbili, Mombasa hadi kilele cha Vuria kule Taita. Nililipa shilingi 6,500: gari, kulala usiku mmoja Wundanyi, mwelekezi, na chakula cha mchana. Kampuni siitaji jina, maana nina ya kuilalamikia, na yale mazuri mengi hayakuwa yake.

Niseme mapema, sikwenda kwa mazoezi. Mama yangu alikuwa Mtaita aliyeolewa Mombasa, na mwaka jana tulimzika huku huku Mombasa. Miaka yote aliyokaa Kisauni, joto likichacha, alikuwa akisema: "Kwetu saa hizi watu wako ndani ya blanketi." Sisi tukimcheka. Basi nilichukua leso yake moja, ya njano, iliyochanika pindoni, nia yangu nikaifunge kwenye mti huko juu.

Gari tuliambiwa saa kumi na moja alfajiri. Lilikuja saa moja kasoro, simu zao hazishikwi, na pole hatukupewa. Dereva ndiye aliyenipoza: alisimama Mackinnon Road, kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, bila kuombwa na mtu. Hapo nikamsomea mama Fatiha. Kutoka Mwatate kwenda juu ni kona juu ya kona, masikio yanaziba. Chumba kilikuwa kisafi, lakini maji ya moto hamna, na blanketi ni moja. Moja, Wundanyi! Nililala na soksi na buibui.

Asubuhi mwelekezi akaja, mzee wa pale pale, kavaa viatu vya mpira. Akanisalimu kwa Kitaita: "Kwawuka?"

Mama alikuwa akitugongea mlango na neno hilo kila siku ya shule. Mwaka mzima sikuwa nimelisikia. Nikaitikia, "Nawuka," sauti ikakatika. Mzee akaniuliza mama yangu ni wa upande gani, nikamwambia, na kwamba ametangulia. "Pole, mwanangu." Hakuongeza neno. Akanipa fimbo yake, akaniweka nyuma yake tu, akawa anatembea kwa mwendo wangu.

Njia inapita kwenye mashamba ya mboga. Kabichi zile zile tunazozigombania bei Kongowea nilizikuta bado ziko ardhini, zina umande. Udongo unateleza, raba za mjini hazifai. Kundini mlikuwa na vijana watatu na spika yao, inapiga tangu tulipoondoka. Mzee akasimama, akawaambia taratibu: "Wanangu, huku kuna wenyewe." Kisha akatueleza habari ya mapango: zamani Wataita walikuwa wakimzika mzee, na baada ya mwaka hivi wanafukua fuvu lake na kuliweka pangoni pamoja na ya ukoo wake, na shida ikiingia ndiko wanakokwenda kuomba. Alituonyesha upande tu, kwa kidevu. Kutupeleka alikataa, na wa kupiga picha akawakataza. Spika ilizimwa. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye ule mwaka mmoja.

Vuria ni mita 2,208, ndiyo kubwa kuliko zote Taita. Tangazo lilituahidi kuiona Kilimanjaro. Tuliona ukungu na minara ya mawasiliano. Kwa hilo siwalaumu, ukungu haupangiwi ratiba. Ila baridi, jamani! Mie mtu wa pwani meno yaligongana. Nikatoa leso, nikatafuta tawi, mzee akanitazama vidole vinavyotetemeka. "Jifunge hiyo, mwanangu. Mti hausikii baridi." Nikajifunga kichwani hadi masikioni, nikashuka nayo.

Chakula cha mchana cha kampuni kilikuwa slesi nne za mkate na soda. Mke wa mzee alituuzia kimanga, cha muhogo na maharagwe, kimepondwa laini. Mama alikuwa akikiponda kwa nguvu zaidi, lakini nilikula sahani mbili.

Kampuni naipa nyota mbili, na moja ni ya dereva. Mzee nampa tano. Nikirudi nitapanda treni hadi Voi, matatu mpaka Wundanyi, nimtafute mwenyewe. Na mkienda, blanketi bebeni lenu. Mama alikuwa akisema kweli.