Kambi ya familia kituo cha kanisa, Lushoto: semina nzuri, mahema ya baridi

Kituo kimoja cha mafunzo cha kanisa, kilicho nje kidogo ya mji wa Lushoto, hupokea familia kwa kambi ya mwisho wa juma, tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili baada ya ibada. Tulikwenda Julai pamoja na familia nyingine za usharika wetu wa Dar es Salaam, na kwa maoni yangu mafunzo yanayotolewa ukumbini yanastahili safari yote ile, ila mahema hayakuandaliwa kwa ajili ya watu wa pwani wenye watoto wadogo.

Semina ilihusu ndoa na malezi, na mkufunzi, badala ya kuhubiri, alimtaka kila mmoja aandike peke yake matumizi ya nyumba ya mwezi mzima, kisha wenzi wabadilishane karatasi. Karatasi ya mume wangu haikuwa na mkaa wala sare za shule. Yangu haikuwa na hata shilingi ya matengenezo ya gari, wakati gari lenyewe ndilo lililotupandisha kona zote za kutoka Mombo hadi Soni. Ukumbi ulicheka, halafu ukanyamaza, na mazungumzo yaliyofuata yalikuwa ya kweli kuliko semina nyingi za ndoa nilizokwisha kuhudhuria.

Watoto nao hawakuachwa wazurure. Walimu wa shule ya Jumapili, wakiwa na mwongozaji wa hapo, waliwapeleka msitu wa Magamba, ambako waliwaona mbega, na Jumamosi alasiri sote tulikwenda Irente, kwenye genge linalotazama nyika ya Mazinde iliyo chini sana. Mandhari ni ya ajabu, lakini mwamba unakatika ghafla, kwa hiyo mtoto mdogo ashikwe mkono muda wote.

Sasa mahema. Lushoto iko kwenye mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Julai ni kipupwe; hata hivyo kila mtu alipewa blanketi moja jepesi na godoro jembamba la sponji lililotandikwa juu ya sakafu ya hema, bila turubai chini yake. Kufikia alfajiri umande ulikuwa umepenya, na nilipoinua godoro la mwanangu nilikuta upande wa chini umelowa chapachapa. Wahudumu walituletea mablanketi mengine kwa upole na bila kinyongo, lakini blanketi halikaushi sakafu. Njia ya chooni haina taa, na maji ya moto, yanayochemshwa kwa kuni kwenye pipa, yalikwisha kabla ya nusu ya kina mama kuoga. Chakula hakina lawama: makande, kabichi na karoti za shamba la jirani, na chai ya tangawizi isiyokauka.

Kwa kuwa ada ya hema haipishani sana na ya chumba, kati ya Juni na Agosti mwenye watoto wadogo achukue chumba katika bweni lililo karibu na jiko, naye awahi kupiga simu, maana vyumba ni vichache. Anayeng'ang'ania hema abebe turubai, tochi na soksi nzito.