Sahani Saba za Viungo Juu ya Paa la Mji Mkongwe: Uzoefu Wangu

Mgahawa ninaouzungumzia uko juu ya paa la nyumba ya zamani ya ghorofa nne katika Mji Mkongwe, Unguja, na kila jioni hupika menyu moja tu ya kuonja, yenye sahani saba ndogo, kila moja ikibeba kiungo kimoja cha visiwani. Hakuna kuchagua. Mgeni hulipa nusu ya gharama kwa simu anapoweka nafasi, hufika kabla ya magharibi, kisha hula kilichopangwa. Tulikuwa watatu: mimi, mke wangu na mama mkwe wangu, mzaliwa wa Wete, kisiwani Pemba, ambaye utotoni alichambua karafuu na kuzianika kwenye majamvi, na ambaye habari za karafuu hazipokei kwa mtu yeyote bila kuzihakiki. Bei ilikuwa shilingi 120,000 kwa kila mtu, vinywaji vikilipiwa kando, kwa hiyo nilikwenda nikiwa na haki ya kuwa mkali.

Ubunifu wao mkubwa ni kwamba kabla ya kila sahani mhudumu huleta kiungo kikiwa kibichi, mgeni akishike na kukinusa. Sahani ya kwanza, supu ya dengu na binzari manjano, sina la kusema juu yake. Ya pili ndiyo iliyonikalisha sawasawa. Kijana alileta tunda zima la kungumanga, la rangi ya njano iliyopauka, akalipasua kwa kisu mbele yetu. Ndani mlikuwa na kokwa jeusi linalong'aa, limefungwa na wavu wa basibasi, mwekundu na wenye unyevu kiasi kwamba mke wangu alidhani umepakwa rangi. Akauvua taratibu kwa ncha ya kidole, akatupa tunuse, na muda mfupi baadaye tukaikuta basibasi hiyohiyo katika tui zito lililopikiwa ngisi laini, bila pilipili wala mbwembwe nyingine. Nimekula ngisi wa nazi tangu utoto wangu na sikuwahi kufikiri kuwa basibasi inaweza kukaa humo, maana nyumbani kwetu ni ya pilau na chai.

Sahani ya tatu, ya karafuu, ndiyo iliyoharibu mambo, japo wazo lake lilikuwa zuri. Samaki aina ya changu alikuwa amefukizwa kwa moshi wa makonyo, yale mabua yanayobaki karafuu zikishachambuliwa, na mama alipoisikia harufu hiyo alitabasamu kabla hajaambiwa ni nini. Lau wangeishia hapo! Juu ya samaki walimimina mchuzi wa karafuu za kusaga, mzito na mweusi, na baada ya tonge la pili mama akaweka uma chini, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mbona hii dawa ya jino?"

Alikuwa amelenga penyewe. Mafuta ya karafuu ndiyo ambayo madaktari wa meno wameyatumia miaka mingi kutia ganzi, na karafuu ikizidi ulimi hulala. Sahani ya nne ilikuwa kaa kwa iliki, na iliki ni kiungo chenye haya, kinachotaka ulimi ulio macho. Mimi nilisikia uvuguvugu na utamu kidogo tu, basi. Ladha ilirudi kwenye sahani ya tano, nyama ya ng'ombe ya pilipili manga. Nilipouliza kwa nini karafuu imewekwa katikati, mhudumu alieleza kuwa menyu inafuata masimulizi, na hapo ndipo wanaposimulia dhoruba ya mwaka 1872 iliyoiangusha mikarafuu ya Unguja huku ya Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa. Historia hiyo ni ya kweli, na mama aliitikia kwa kichwa. Hata hivyo, ingesimuliwa mwishoni, karafuu ikija na kahawa, isingepoteza kitu, na yule kaa angepata haki yake.

Jingine la kurekebisha ni maelezo ya wali ulioandamana na nyama. Tuliambiwa kuwa zafarani yake imetoka shamba la viungo hapahapa kisiwani, ilhali zafarani ni zao la nchi zenye majira ya baridi na inayouzwa kwetu huagizwa kutoka nje, hasa Iran. Mgahawa unaouza maarifa pamoja na chakula hauna budi kuyachuja.

Sahani mbili za mwisho ziliniridhisha kabisa. Mkate wa kumimina wenye vanila ulikuwa mwepesi, na hapa maelezo yalikuwa sahihi: ua la mvanila halina huku mdudu wa kulichavusha, hivyo mkulima hulichavusha kwa mkono siku hiyohiyo linapochanua. Mdalasini ulikuja ndani ya halua, pamoja na kahawa chungu iliyomiminwa kutoka kwenye dele.

Menyu ya karatasi ilikuwa kwa Kiingereza na Kiitaliano tu, jambo lisilo na udhuru katika mji huu. Mhudumu naye alianza kwa Kiingereza, lakini tulipomjibu kwa Kiswahili alilegea, akamwamkia mama shikamoo, na tangu hapo tukapata maelezo ambayo meza ya jirani haikuyapata, likiwemo la kwamba michuzi yote hutiwa ukwaju badala ya mvinyo.

Mwenye nia ya kushiba akashibe Forodhani, kwenye soko la chakula la jioni, kwa sehemu ndogo ya fedha hizi. Mimi nitarudi kwa ajili ya yule ngisi, na nitaomba mapema mchuzi wa karafuu uletwe kando. Anayekwenda na mzee aulize kwanza juu ya ngazi, kwani ni nyembamba, zina mwinuko mkali, na lifti hakuna. Mama alipumzika kila ghorofa, na ni kwenye ghorofa ya tatu pekee walikoweka kiti.